Dawa Gani?

Nawaandikia akina mama wenzangu mnaoacha watoto asubuhi na kwenda kutafuta, hasa ninyi wenye hofu kama yangu. Mimi ni fundi cherehani. Nimesoma mpaka darasa la saba. Barua naandika, sare nakata bila kupima mara mbili, lakini hofu sijawahi kuikata ikanienea. Ikinishika, lazima nimgawie mtu. Ndiyo maana mtaani wananiita King'ora. Zamani nilikuwa nalichukia jina hilo. Siku hizi naitika.

Cherehani yangu iko chini ya ngazi za nyumba ya ghorofa mbili, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya miguu. Anayekwenda sokoni anapita kwangu, anayekwenda kliniki anapita kwangu, anayekwenda kusaga anapita kwangu na debe kichwani. Wengine hawana hata nguo ya kushona. Wanatua debe, wanapumua, tunaongea, wanajitwika tena. Nilidhani hiyo ni bahati ya kukaa kivulini. Kumbe ni cheo, na nilikuwa nakitumia bila kujua.

Nina binti mmoja, yuko chuo mwaka wa mwisho, na yeye ana mtoto wa miaka miwili na nusu. Mtoto usiku analala kwangu, mchana anakaa kwa Shangazi. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale mtaani, ni mlezi. Amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya umeme, anaishi humo humo, na watoto kumi na saba walikuwa wanashinda humo mpaka wazazi watoke kazini. Watoto ndio walioanza kumwita Shangazi, wazazi wakafuata, na sasa hata mwenye nyumba, mtu mwenye umri wa kumzaa, naye anamwita hivyohivyo. Bila huyo mwanamke binti yangu asingefika hata mwaka wa pili. Nalisema hilo mapema ili mjue ni nani niliyemtendea haya.

Huyo binti, aliponiambia mara ya kwanza kwamba anasomea mitandao, niliweka mkasi chini. Nikamuuliza, ina maana nimeinamia sare za shule nzima miaka yote hii ili wewe ukafundishwe simu, kitu ambacho watoto wa darasa la pili wanakijua bila mwalimu? Alicheka mpaka akakaa. Akasema simu ni mtandao mmoja tu kati ya mingi. Barabara ni mtandao, nyaya za umeme ni mtandao, mishipa iliyomo kichwani ni mtandao, hata watu wanaosalimiana ni mtandao. Wao wanajifunza umbo lake: nani kaungana na nani, na kwa sababu ya umbo hilo ni kitu gani kinapita haraka na kipi kinakwama. Nikamwambia sawa, nikaendelea kukata. Kimoyomoyo nilisema, msomi akikosa kazi atakuja kunikunjia pindo.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Ilikuwa Jumatatu. Wingu lilikuwa zito, nikaenda kumchukua mjukuu mapema. Shangazi alikuwa mlangoni, amenipa mgongo, anaongea na mama mmoja mgeni aliyekuja kuulizia nafasi. Nikamsikia anasema, tena kwa kujisifu kabisa:

"Wangu wote nawalaza na dawa. Bila dawa, hapa halali mtoto."

Nilimpita nikaingia ndani. Nilimkuta mjukuu wangu kwenye mkeka, amelala kama gunia la chumvi, shati limempanda, mdomo wazi. Nilimwita mara mbili, hakuamka. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amekimbizana na wenzake tangu asubuhi, lakini wakati ule nani angeniambia? Nilimtupia begani, nikasema asante, nikaondoka. Neno moja tu lilihitajika pale mlangoni, na sikulisema.

Niliwaambia watu watatu tu. Wa kwanza ni jirani yangu wa mlango wa pili, anayeuza mitumba. Wa pili ni mama aliyekuja kuchukua sketi ya binti yake mkubwa, na mdogo anashinda kwa Shangazi. Wa tatu ni fundi viatu, ambaye hana mtoto bado, lakini mke wake ana mimba, na nikaona ni heri aonywe mapema. Niliwaambia kwamba Shangazi anawapa watoto dawa ili walale. Oneni hapo. Yeye alisema "nawalaza na dawa", mimi nikasema "anawapa dawa". Nilibadilisha kidogo tu, kama mtu anayepunguza kiuno cha sketi, na vazi likawa jingine.

Jumatano asubuhi mteja mmoja ambaye simjui vizuri aliinama mezani kwangu, akashusha sauti. Akasema kwa kuwa nina mjukuu, nichunge. Akanipa habari yote: ni vidonge vya usingizi, vinatoka kwa daktari wa mifugo, na kuna mtoto mmoja alilala siku mbili mpaka akamwagiwa maji. Mimi nilitoa shati tupu, likanirudia lina kola, mifuko na vifungo vya dhahabu. Na niwe mkweli, kwa kitambo kidogo nilifarijika. Nilijiambia, kumbe sikukosea, hata watu wengine wanalijua.

Alasiri ile akaja Shangazi mwenyewe.

Alikuwa amekumbatia chandarua kilichokunjwa. Akakiweka mezani, akanionyesha kilipochanika, penye upana wa viganja viwili. Akaniomba nikishone, ingawa hajui tena atamlaza nani ndani yake.

"Ukifue kwa maji baridi tu, fundi, usikianike juani," akasema. "Hiki ni cha dawa. Nilivipata kliniki, vyote ni vya dawa. Wangu wote nawalaza na dawa, unajua mwenyewe mbu wa mtaro ule."

Mguu wangu ulisimama juu ya kanyagio.

Akaendelea kunieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba tangu jana watoto wanaondolewa mmoja mmoja na hakuna anayemwambia sababu. Mama mmoja kasema mtoto anakwenda kwa bibi yake. Mwingine kasema kabadilishiwa zamu kazini. Wamebaki mapacha wa karani wa duka la umeme, basi. Na mwenye duka amekuwa akivitamani vile vyumba viwili siku nyingi, aweke mabomba na marobota ya nyaya. Mwenye nyumba amemwambia kistaarabu kwamba Ijumaa ya wiki ijayo atapita. Akikuta vyumba vina watoto, vyema. Akikuta viko kimya, atampa mwenye duka, na Shangazi akatafute sebule ya kaka yake akalale.

"Wewe mbona wako hujamleta?" akaniuliza. "Au naye kaenda kwa bibi yake?"

Alikuwa anatania, kwa sababu bibi yake ni mimi. Nilisema mtoto ana mafua. Akampa pole, akaenda zake. Nikabaki na chandarua mapajani, kikinuka ile harufu yake ya dukani, na nikaelewa maana ya neno nililolisikia Jumatatu.

Akina mama, Kiswahili chetu kina ukarimu wa ajabu kwenye neno hili. Ya kikohozi ni dawa, ya viatu ni dawa, ya meno ni dawa, ya panya ni dawa, anayotoa mganga ni dawa, na jeuri akipatikana wa kumnyamazisha tunasema dawa yake imepatikana. Mtu akikuambia "dawa" hajakuambia kitu mpaka umuulize ni dawa gani.

Alhamisi nilifunga cherehani mapema, nikaenda kuyazoa maji niliyomwaga. Nilianza na wale wale watatu. Jirani yangu wa mitumba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, Jumatatu nilisema hivi, leo nasema vile, sasa yeye akisikie king'ora cha siku gani? Fundi viatu alitaka kujua kama Shangazi amenitishia kunipeleka polisi. Mama wa sketi ndiye aliyenimaliza kabisa.

"Sawa, wewe ulikosea," akasema. "Lakini mimi nimeyasikia kwa watu wanne wengine. Wote hao waongo?"

Wale wanne wote walikuwa mimi. Nilikuwa nimempitia kwenye milango minne tofauti, nimevaa nguo nne tofauti. Ijumaa nikaenda nyumba nane nyingine. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti, na hakuna hata mmoja aliyenielewa. Nilirudi nikalala na kanga usoni.

Jumamosi binti yangu alifika kutoka chuo na mkoba wake wa nguo chafu. Alimwona mwanawe anacheza chini ya cherehani siku ambayo hata mimi nina kazi, akaniuliza kulikoni. Nikamweleza kila kitu, sikujipunguzia. Nilingoja anigombeze, maana ni haki yake. Mitihani ilikuwa mwezi ujao na mlezi ndiye huyo nimemwangusha. Hakunigombeza. Aliniomba kopo la vifungo.

Akahesabu vifungo arobaini, vya kila aina, akavimwaga juu ya meza ya kukatia. Akaniambia nifumbe macho, niokote viwili, niviunge kwa uzi, nivirudishe. Kisha viwili vingine, au hata vile vile, vyovyote mkono utakavyokutana navyo. Kila baada ya nyuzi chache ananiambia niinue kifungo kimoja nione kinakuja na vingapi. Mwanzo kilikuja na kimoja, au hakikuja na kitu. Nyuzi kumi, bado. Nyuzi kumi na tano, kijishada cha vinne, vitano. Nilimwambia mchezo wenyewe hauna mbele wala nyuma. Akasema, "Endelea, Mama." Tulipopita ishirini mambo yalianza kubadilika mikononi mwangu. Ule uzi wa thelathini na tatu, nakumbuka hesabu, niliinua kifungo kidogo cha shati, cha bluu, na zaidi ya nusu ya meza ikanyanyuka nacho.

Nilikishikilia vile hewani. Mjukuu alipiga makofi.

Binti akanieleza kwamba hakuna aliyepanga. Uzi mmoja mmoja unafungwa na watu wasio na habari, huyu ni jirani wa yule, yule anasuka kwa huyu, na kwa muda mrefu huoni kitu. Kisha inafika mahali nyuzi chache tu zinaongezeka na watu karibu wote wameshikana. Hapo ukigusa mmoja, umegusa mtaa. Ndiyo maana watu watatu walinitosha.

Niliogopa, nikataka kumwambia basi afadhali tungekaa kila mtu kivyake. Aliniona usoni. Akanikumbusha ile fomu yake ya chuo, ilitufikaje? Hakuileta ndugu wala jirani. Ililetwa na mama mmoja wa mbali ambaye nilimrekebishia zipu ya koti mara moja tu, akataja kwamba binamu yake anafanya kazi chuoni na nafasi zinafungwa wiki ile. Akasema wao huko darasani wamefundishwa jambo hilo: watu wako wa karibu wanajua yale unayoyajua wewe, habari mpya mara nyingi huja kwa uzi mwembamba wa mtu wa mbali. Mama yule sijamwona tena mpaka leo. Kama anasoma hapa, zipu ile ilikuwa bure, na mimi bado nadaiwa shukrani.

"Sasa nyuzi hizo hizo ndizo zitakazomrudishia Shangazi watoto," binti akasema. "Ila mtaa haufungwi kwa kufumba macho. Wenye watu wengi ndio wanaozidi kupata watu. Tuwatafute hao."

Jumapili tukazunguka nyumba kumi na tano za wazazi wa watoto wale. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mimi nisiseme kitu, nibebe mtoto tu. Mnajua lilivyoniwia gumu. Yeye aliuliza swali moja nyumba zote: ukitaka kujua kama kitu ni salama kwa mwanao, unamuuliza nani? Kila mzazi akamtajia watu wawili. Tuliporudi akatandika karatasi ya kaki ninayokatia violezo, akaweka kifungo kwa kila mtu, na kila jibu likawa mstari wa chaki.

Nilidhani mistari yote ingekwenda kwa muuguzi wa kliniki, kwa kuwa ndiye aliyesoma. Alipata sita. Msusi wa pale stendi akapata mitano. Aliyewashinda wote alikuwa Mama Pumba, tisa peke yake.

Mama Pumba ni mwenye mashine ya kusaga. Tunamwita hivyo kwa sababu pumba zimemkaa kwenye nyusi na kwenye kilemba mwaka mzima, na yeye hajali. Mimi sikuwahi kumhesabu, kwa sababu pale kwake mashine inanguruma kutwa, huwezi kusikia hata jina lako. Binti akaniuliza watu wanakaa kwenye foleni ile muda gani. Nikasema saa nzima, siku nyingine zaidi. Kweli, ukiwa na saa nzima na mwenzako, hata kwa kupiga kelele sikioni mtaongea, na anayepima debe la kila mtu ndiye anayemjua kila mtu.

Mistari mitatu ilitawanyika kwa watu wengine mmoja mmoja. Ilibaki saba. Binti akachagua kifungo kikubwa cha koti, cheusi, akakiweka katikati, akaichora yote saba kuelekea kwake.

"Hiki nani?" nikamuuliza.

"Hicho ni wewe, Mama. Wewe ulijiona kifungo cha shati. Wewe ni cha koti. Ukivutwa wewe, nguo nzima inakunjana."

Sikujua nicheke au nilie. Miaka yote nilidhani napiga king'ora kwa sababu hakuna anayenisikia.

Nikamuuliza basi kama nina mistari saba, kwa nini Alhamisi na Ijumaa hakuna aliyenielewa. Akasema hofu inapita kwa uzi mmoja, kwa sababu mtu akiogopa bure haoni kama amepoteza kitu. Imani haipiti hivyo. Mtu anataka aisikie kutoka upande huu, na kutoka upande ule, kwa watu ambao anajua hawakunong'onezana. Mama wa sketi alisikia hofu yangu kwa watu wanne akadhani ni ushahidi wa watu wanne. Sasa tumpe ushahidi wa kweli wa watu watatu, kila mmoja aliyeona kwa macho yake.

"Lakini kabla yao kuna mmoja," akasema. Nilikuwa najua ni nani.

Jumatatu asubuhi na mapema nilimpeleka mjukuu kwa Shangazi. Nilipita barabara ya lami, si njia ya nyuma, na nilimbeba mgongoni mahali pa wote kuona. Mapacha walikuwa wamekaa peke yao katikati ya chumba, wanagombea gari bovu. Shangazi alikuwa anakunja vyandarua, kimoja kimoja, anaviweka kwenye boksi. Nikamshusha mtoto. Nikamwambia kwamba ni mimi. Nikamsimulia tangu nilipomkuta mlangoni na yule mgeni mpaka fundi viatu.

Aliendelea kukunja chandarua mpaka kikaisha. Akakilaza juu ya boksi, akakipigapiga kiwe bapa.

"Ulinisikia, hukuniuliza," akasema. "Ningekujibu kwa neno moja."

Nikasema najua. Nikasema sijaja kuomba anisamehe leo, nimekuja kumwambia nitakachofanya, na kama hataki nisifanye. Akachukua chandarua kingine. Mjukuu wangu, ambaye hajui heshima ya kikao, alikwenda akalichukua lile gari bovu kwa mapacha, kelele zikaanza. Shangazi akaamua ugomvi, akamweka mjukuu kiunoni, na akiwa hanitazami akaniambia niende zangu kazini, mtoto nije nimchukue wakati wake, nisimcheleweshe kama kawaida yangu.

Nilipofika kwenye kona nililia kidogo. Ilikuwa furaha, msidhani vingine.

Kwa muuguzi mambo yalikuwa mepesi. Alipekua daftari lake, akaona siku aliyompa Shangazi vile vyandarua, akakasirika kwa niaba yake, na akasema kila mama atakayempimia mtoto wiki hiyo atamwambia. Kwa msusi ndiko nilikokwenda na miguu mizito. Tulikuwa hatusalimiani mwaka wa pili huu, kwa sababu niliwahi kusema mahali kwamba anasuka nywele na maneno pamoja, na kwa mtaa uliofungwa nyuzi kama wetu, nadhani mnajua jioni ile ile yalikuwa yameshafika. Alinikalisha kwenye benchi akamaliza kichwa cha mteja mzima, mistari yote, bila kunitazama. Kisha akafuta mafuta mikononi.

"Haya," akasema. "Leo kimekuleta nini kwa msuka maneno?"

Nikamwambia. Nilimwambia pia kwamba kwenye ile karatasi mistari mitano imekwenda kwake, na kwamba watu hawampi mistari mtu wasiyemwamini, kwa hiyo nilikosea mara mbili. Akaguna. Akasema hatasema neno kwa kuambiwa na King'ora. Mchana akaenda mwenyewe, akaingia mpaka chumba cha kulala, akavishika vyandarua na kuvinusa kama mtu anayechagua samaki. Jioni alipopita kwangu hakusimama, ila alisema, "Habari za jioni, fundi." Miaka miwili nilikuwa sijasikia salamu ile. Nilimwitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Jumanne nikaenda kwa Mama Pumba. Nilijitwika debe langu, nikapanga foleni kama wengine, nikiwa nimepanga kumnong'oneza zamu yangu ikifika. Watu walikuwa zaidi ya ishirini. Nilipofika mbele nikainama nikaanza kumpigia kelele sikioni. Akanionyesha kwa mkono kwamba hasikii. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya mchana, tena foleni ikiwa imefika nje. Alinyoosha mkono akazima mashine.

Mkanda ulizunguka ukapungua, ukasimama. Masikio yalibaki yanavuma. Watu wote walinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alidhani imeharibika.

"Sema sasa," Mama Pumba akaniambia. "Na usiniambie mimi, waambie hawa."

Nilitaka kulitua debe, nikaona kumbe nilishalitua. Nikasema mbele ya watu ishirini na zaidi. Kwamba nilisikia neno "dawa" nikaogopa, sikuuliza, nikalitoa. Kwamba ni dawa ya mbu iliyo kwenye chandarua. Kwamba hakuna vidonge, hakuna daktari wa mifugo, hakuna mtoto aliyelala siku mbili. Kwamba yote hayo, hata yaliyowafikia kupitia watu kumi, mama yake ni mimi, na mjukuu wangu tangu jana yuko kwa Shangazi.

Sauti ikatoka kule nyuma, "Leo King'ora kinalia kinyumenyume." Wakacheka. Nikacheka nami, kwa sababu kilikuwa kicheko cha watu wanaokusogezea nafasi.

Mama Pumba hakucheka. Alipangusa nyusi, unga ukamwagika. Akauliza kama kuna mtu ana swali. Mwanamke mmoja akauliza, kwa hiyo ni dawa gani hasa? Nikamjibu. Akasema, "Ndivyo ungeuliza wewe siku ile." Nikasema ndivyo.

"Wangu wa mwisho atarudi kwa Shangazi kesho," Mama Pumba akasema, akawasha mashine. Pumba zake siku ile zilikuwa na uzito kuliko unga wa watu wengi.

Jumatano walirudi wanne. Alhamisi wakawa wanane. Ijumaa mwenye nyumba alipopita, alikuta watoto kumi na wanne na kelele zilizomlazimu atoke nje ili aongee. Alimwambia Shangazi mwenye duka atafute mahali pengine pa nyaya zake. Kumi na wanne si kumi na saba, najua. Mama wa sketi hakumrudisha wake, mpaka leo anampeleka mbali na ananipita na uso mkavu. Na wawili wengine walishapata walezi wengine. Uzi ukikatika, si kila mara unapata ncha zote mbili, na hizo tatu ninazihesabu kila asubuhi.

Lakini ninachohesabu zaidi ni niliyopewa. Nimepewa binti ambaye angeweza kunicheka, badala yake akanifundisha. Mitihani ameshafanya, na ile karatasi ya kaki yenye chaki amekwenda nayo kwa mwalimu wake. Nimepewa salamu ya msusi. Nimepewa mwanamke aliyezima mashine yake foleni ikiwa imejaa, kwa ajili yangu. Wote hao walikuwepo siku zote, wamefungwa nami kwa nyuzi, na mimi nilikuwa nazitumia kupitisha hofu tu.

Ijumaa ile ile alasiri nilimpelekea Shangazi chandarua chake. Nilikuwa nimekishona kwa mkono, tundu kwa tundu, nikifuata umbo lake, kwa sababu kiraka cha kitambaa kingezuia hewa. Ilikuwa saa ya watoto kulala. Akaniashiria nivue viatu. Tukakitundika pamoja, yeye ncha hii, mimi ncha ile, juu ya mjukuu wangu na mapacha na binti wa Mama Pumba, wote wamelala kama magunia. Alikivuta kidogo pale nilipounga, kuona kama kinashika. Kilishika.

Akainama sikioni kwangu.

"Unaona, fundi? Wangu wote nawalaza na dawa."

Alikuwa ananingoja. Nilivuta pumzi.

"Dawa gani, Shangazi?"

"Ya mbu," akasema, akaniziba mdomo kwa kiganja kabla sijacheka nikawaamsha.